Toka grisi ya Götzen hadi taa nyekundu ya Datsun

Mwishoni mwa mwezi wa saba mwaka 1916, karibu na mdomo wa mto Malagarasi, ng'ambo ya ziwa upande wa Kigoma, mafundi watatu wa Kijerumani walikuwa wanapaka grisi. Majina yao yalikuwa Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Walipaka kila chuma cha injini mbili za mvuke za meli yao, tabaka nene, kama mtu anayejaza udongo kwenye nyufa za nyumba kabla ya mvua. Kisha meli ikajazwa mchanga, na tarehe 26 Julai wakaizamisha kwa mikono yao wenyewe, polepole, ikalala vizuri chini ya maji.

Meli hiyo ilikuwa Graf von Götzen. Wakaaji wengi wa Moba na Kalemie wanaijua kwa jina la leo, Liemba. Wanaoisimulia husema ilidumu kwa sababu chuma cha Wajerumani kilikuwa kigumu. Chuma kilikuwa kizuri, ni kweli, lakini chuma kizuri kikilala majini miaka minane kinaliwa na kutu kama chuma kingine. Kilichookoa zile injini ni mafuta, na watu watatu waliofikiria siku ya kurudi wakati wenzao wanafikiria namna ya kukimbia.

Kwa upande huu wa ziwa, mwaka huo Kirungu iliitwa bado Baudouinville, mji wa misheni ya Mapadri Weupe. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 21 Julai 1917, Stefano Kaoze alipewa upadri hapo, Mkongomani wa kwanza. Kalemie ya leo ndiyo kwanza ilikuwa inaanza: kambi ya Wabelgiji kwenye mdomo wa Lukuga, na reli toka Kabalo iliyofika ziwani mwaka 1915. Vita ya wazungu ilikuwa imefika mpaka mlangoni. Wajerumani ndio waliokuwa mabwana wa maji. Mwezi wa nane 1914 meli yao Hedwig von Wissmann ilikuwa imeshaivunja meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, na tangu hapo mtu wa Moba aliyetoka na mtumbwi alitazama kwanza upeo wa maji.

Götzen yenyewe ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, katika karakana ya Meyer, mwaka 1913. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa mpaka Dar es Salaam, kisha kwa gari moshi mpaka Kigoma. Wale mafundi watatu walikuja nayo. Waliiunga msumari kwa msumari, na tarehe 5 Februari 1915 ikaingia majini. Hapakuwa na chombo kikubwa kama hicho ziwani.

Jibu la Waingereza lilipita kwetu, Katanga. Motaboti mbili ndogo, Mimi na Toutou, zenye injini za petroli na urefu wa mita 12 hivi, zilishushwa Cape Town, zikapanda reli mpaka Fungurume, zikavutwa na magari ya mvuke na ng'ombe juu ya milima ya Mitumba, zikateremka Lualaba toka Bukama, zikapanda tena reli ya Kabalo, zikafika Lukuga. Wanaume wa Katanga ndio waliokata miti, wakajenga madaraja na kuchota maji ya kunywesha yale magari. Vitabu vinamtaja sana kamanda Spicer-Simson, ambaye alipenda kutajwa. Wale wachota maji hawakuandikwa. Tarehe 26 Desemba 1915 motaboti hizo ziliiteka Kingani ya Wajerumani, ikapewa jina jipya la Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig ikazama. Ikabaki Götzen peke yake, na majeshi ya Wabelgiji yalipoikaribia Kigoma na reli, kapteni Zimmer akaamua meli isianguke mikononi mwa adui. Ndipo grisi ikatolewa.

Wabelgiji waliiinua meli baada ya vita wakaikokota mpaka Kigoma, ikazama tena mwaka 1920 katika dhoruba. Waingereza wakaitoa mwezi wa tatu mwaka 1924. Walipofungua injini walikuta vyuma vinang'aa chini ya grisi. Mashine zikasafishwa, zikarudishwa kazini, na mwezi wa tano mwaka 1927 meli ikaondoka tena, sasa ikiitwa Liemba, jina la kale la ziwa hili. Injini zile zile za mvuke ziliendelea kusukuma mpaka miaka ya 1970, zilipoondolewa na kuwekwa za dizeli.

Kwa familia zilizohama, hesabu ya meli hiyo ni nyingine. Mwaka 1997, baada ya utawala wa Mobutu kuanguka, Liemba ilifanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira katika miezi mitano, ikirudisha nyumbani wakimbizi zaidi ya 75,000. Mwaka 2015 ilikwenda Kagunga kuwachukua Warundi waliorundikana ufukweni bila njia ya barabara. Watu wa Moba waliokimbilia Zambia nao walirudi kwa njia ya maji, toka Mpulungu, kuanzia mwaka 2007. Mtu aliyevuka ziwa hili usiku, mtoto mgongoni na godoro kichwani, anajua sauti moja anayoisikiliza kuliko zote: sauti ya motere. Ikibadilika, kila mtu ananyamaza.

Sasa turudi kwenye mafuta yenyewe, kwa sababu ndiyo yanayoibadilisha sauti hiyo.

Katika injini ya mvuke kama ya Götzen, vyuma vilikuwa wazi machoni. Mpaka-mafuta alitembea na kopo lenye mdomo mrefu, akidondosha matone kwenye vikombe vidogo vilivyowekwa juu ya kila kiungo. Shafti ikizunguka, alinyoosha mkono wake kwenye kiungo kinachokwenda mbio na kukigusa kidogo. Kikiwa vuguvugu, sawa. Kikiwa cha moto, hatari. Wengine walipoteza vidole. Lakini uchunguzi ulikuwa rahisi: fundi alikuwa na mkono, jicho na pua, na chuma hakikumficha kitu.

Magari yalipokuja, kila kitu kilifungiwa ndani ya boksi. Ford ya modeli T, iliyotengenezwa toka 1908 mpaka 1927, haikuwa na pampu ya mafuta hata kidogo. Shafti ilipiga mafuta yaliyokaa chini na kuyarusha juu, na kila chuma kilipata kilichobahatika kupata. Kwa mwendo mdogo ilitosha. Injini zilipoongezwa kasi, haikutosha tena. Ikawekwa pampu inayovuta mafuta toka chini, inayapitisha kwenye filta, inayasukuma kwa nguvu katika njia nyembamba mpaka kwenye shafti kuu na juu kwenye kichwa cha injini. Mafuta hayo yakifika, shafti haigusi chuma kinachoibeba. Inaelea. Kati yao kuna tabaka la mafuta lenye unene wa sehemu chache za mia za milimita. Nguvu ya mafuta ikianguka, tabaka hilo linapasuka, chuma kinakutana na chuma, na kwa dakika chache kazi ya miaka 20 inakwisha.

Mfano mzuri wa kueleza jambo hili uko Afrika Mashariki, katika mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kwa kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda na Datsun 1600 SSS. Mwaka 1971 watu hao hao wakashinda na gari la michezo, Datsun 240Z, jembamba, lenye milango miwili na injini ya silinda sita ya sentimita za ujazo 2,393. Mwaka 1973 240Z ikashinda tena, ikiendeshwa na Shekhar Mehta, Lofty Drews akisoma njia. Mehta alimaliza na pointi sawa kabisa na Harry Källström wa Datsun nyingine, ushindi ukapewa yeye.

Mehta alikuwa mzaliwa wa Kampala. Mwaka 1972 Idi Amin alifukuza Wahindi wa Uganda, na familia yake ikahamia Kenya. Kwa maneno ya leo, alikuwa mtu aliyehamishwa kwa nguvu. Miezi michache baadaye alishinda mashindano makubwa kuliko yote ya barabara za vumbi, kisha akashinda tena mwaka 1979, 1980, 1981 na 1982. Mara tano, na wakati anafariki mwaka 2006 hakuna aliyekuwa amemfikia.

Gari la michezo la Kijapani linawahusu nini watu wa Kirungu, ambao wanaona pikipiki na malori tu? Linawahusu kwa sababu injini yake si ya ajabu. Ni ya ukoo unaoitwa L. Ile Datsun 1600 ilikuwa na silinda nne za ukoo huo. 240Z ni kama ile ile iliyoongezwa silinda mbili. Na pikapu za Datsun zilizobeba samaki, mahindi na maiti katika nusu ya Afrika miaka ya 1970 na 1980 zilikuwa na ndugu wa injini hiyo. Fundi aliyejifunzia pikapu ya mzee wake angeweza kufungua 240Z ya Mehta na kuona vitu anavyovijua.

Ugonjwa wake mkubwa uzeeni ni kushuka kwa nguvu ya mafuta, na namna mafundi walivyojifunza kuutafuta ni historia yenye faida kuliko orodha ya washindi. Kosa la kwanza, ambalo limeua injini nyingi nzima, ni kuanza mwishoni. Mshale unaanguka, mtu anasema "shafti imekwisha," motere inatolewa, inafunguliwa kwenye mchanga, na kumbe kilichokufa ni kifaa kidogo cha umeme kinachopeleka habari kwenye dashibodi. Kifaa hicho katika 240Z kinajulikana kwa uongo. Kikizeeka, kinaonyesha sifuri wakati mafuta yanasukumwa vizuri, au kinaonyesha nguvu wakati hakuna, na huu wa pili ndio uongo mbaya zaidi. Kwa hiyo fundi mwenye akili anakitoa, anafunga mahali pake manometa ya kawaida yenye mrija, ile isiyotumia umeme, halafu anawasha. Sasa anajua kama mgonjwa ni gari au ni saa ya dashibodi.

Lakini hata kabla ya manometa kuna kijiti cha kupimia mafuta. Inashangaza ni mara ngapi watu wanakiruka. Mafuta yakiwa machache, gari linakwenda vizuri kwenye njia iliyonyooka, kisha kwenye kona kali au mlima mrefu yanakimbilia upande mmoja, pampu inanyonya hewa, taa nyekundu inawaka na kuzima. Dereva anadhani ni waya. Njia ya kupanda toka bandari ya Moba mpaka Kirungu ingeonyesha dalili hiyo haraka kuliko barabara ya lami.

Na mafuta yakiwa mengi kuliko jana, hilo si baraka. Kijiti kinanuswa. Kama kinanuka petroli, basi petroli imeingia chini. Katika 240Z pampu ya petroli inaendeshwa na injini yenyewe, imefungwa pembeni ya kichwa. Ngozi yake ikipasuka, petroli inatiririka ndani ya mafuta na kuyafanya mepesi kama maji. Mafuta mepesi hayashiki nguvu. Hapo hakuna cha kufungua shafti: ni kubadili pampu ya petroli, kumwaga mafuta yote, kuweka filta mpya. Kama mafuta yana rangi ya chai ya maziwa, ni maji, na hiyo ni hadithi nyingine.

Manometa ikionyesha kwamba nguvu imeshuka kweli, fundi anauliza: imeshuka lini? Injini ikiwa baridi au ikiwa moto? Ikiwa imesimama au ikikimbia? Mafundi wengi huhesabu kwamba injini iliyopata moto inahitaji karibu bar 0.7 kwa kila mizunguko 1,000 ya dakika. Nguvu nzuri asubuhi na mbaya mchana, ikipanda vizuri mguu ukikandamiza na kuanguka gari likisimama, mara nyingi ni uzee: vibati vinavyobeba shafti vimelika, nafasi imekuwa kubwa, mafuta yanatoroka. Watu wa milimani wanalielewa hilo bila darasa. Bomba la maji likipasuka bondeni, mama aliye na ndoo yake juu ya kilima anasubiri bure, hata kama chanzo kinatoa maji yale yale. Pampu ya mafuta haitengenezi nguvu. Inasukuma mafuta tu. Nguvu inatokana na njia kuwa nyembamba.

Nguvu ikiwa mbaya wakati wote, baridi na moto, mwendo mdogo na mkubwa, fundi anatazama upande wa pampu. Ndani yake kuna valvu yenye springi, ambayo kazi yake ni kuachia mafuta nguvu ikizidi. Chembe moja ya mchanga ikikwama hapo, valvu inabaki wazi na mafuta yanazunguka bure. Inatolewa kwa ufunguo mmoja, inasafishwa, inarudishwa. Katika injini za ukoo wa L pampu iko mbele chini, nje, inaweza kushushwa bila kutoa motere. Inapimwa, na ikiwa imekwaruzwa inabadilishwa. Anayeirudisha aijaze mafuta kwanza, maana pampu kavu inaweza kuzunguka bila kunyonya, na injini iliyokuwa inatibiwa ikafia mikononi mwa daktari. Shafti ya pampu hiyo ndiyo inayozungusha pia kigawa-moto cha plagi, kwa hiyo ikirudishwa bila kufuata alama, gari halitawaka na fundi atalaumu betri siku nzima.

Kuna sababu nyingine ambayo vitabu vya Ulaya vinaipa mstari mmoja na ambayo kwa njia za huku ingestahili sura nzima: jiwe. Gari linagonga jiwe, beseni la mafuta chini ya injini linabonyea kwenda juu, linakutana na chujio la kunyonyea na kuliziba. Hakuna tone linalovuja. Nje linaonekana kovu tu. Dereva anaendelea, akishangilia kwamba halijatoboka, na nguvu inaanguka kila anapoongeza mwendo. Magari ya Safari yalifungwa bamba la chuma nene chini kwa ajili ya hilo.

Katika injini za zamani za ukoo huu kuna pia mrija mwembamba juu, chini ya mfuniko wa valvu, unaonyunyizia mafuta shafti ya juu. Viungo vyake hulegea. Mafuta yanatokea kwenye kiungo badala ya kwenye matundu, na vyuma vya mwisho vinakauka. Fundi anafungua mfuniko, anazungusha injini kidogo, anatazama kila tundu. Kazi ya robo saa.

Mwisho kabisa ndipo filta kuukuu inakatwa kwa msumeno na karatasi yake kukunjuliwa juani. Kikionekana kitu kinachong'aa kama unga wa fedha au shaba, na chini ya injini unasikika mgongo mzito ukigonga, hapo ndipo motere inatoka, na hapo mwenye gari anauza mbuzi.

Mafuta mazito yanayomiminwa ili mshale upande ni jambo la kutajwa. Madereva wa zamani walilifanya kabla ya kuuza gari. Mshale unapanda kweli, kwa wiki chache, na mnunuzi anapewa ugonjwa wa mwingine.

Ziwani mambo yamegawanyika. Motere nyingi za nje zinazofungwa nyuma ya boti, zile za miharakati miwili, hazina pampu ya mafuta wala taa. Mafuta yanachanganywa ndani ya petroli, na dawa yote iko katika kipimo cha mtu anayemimina: akipunguza ili auze zaidi, pistoni inashika katikati ya maji. Boti kubwa za mbao zenye dizeli ndani ni jambo jingine. Hizo zina pampu, zina filta, zina shafti inayoelea, sawa na Datsun na sawa na Liemba tangu iache mvuke. Nyingi injini zake zilifanya kazi kwanza katika lori, na saa ya nguvu ya mafuta ilibaki katika dashibodi ya lori hilo, popote lilipofia. Bila saa, fundi wa boti anarudi kwenye kazi ya mpaka-mafuta wa Götzen: anakaa karibu na chuma, anasikiliza, ananusa, anaweka kiganja.

Manometa yenye mrija, ya aina ile ile inayofungwa kwenye Datsun, inaingia katika tundu la kifaa cha umeme la karibu injini yoyote ya dizeli, mradi uzi wa skurubu ulingane. Haihitaji betri. Inaweza kufungwa mbele ya nahodha asubuhi, kabla abiria hawajapanda.